Gitaa Halijafa, Ni Waya Mbili Tu! Acheni Kumzika Mtu Kabla Hamjapima

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanamuziki wa bendi za laivu hapa Dar, kuna klipu imezunguka mpaka imechoka. Haifiki hata dakika. Mpiga solo mmoja kijana, anayejulikana vizuri kwenye kumbi za Sinza na Kinondoni, anasukuma swichi ya gitaa lake iende katikati ili aingie na solo. Ghafla sauti inakonda. Besi yote inapotea, ujazo unashuka, gitaa linasikika kama redio ya mkononi iliyofungiwa ndani ya kopo. Mwimbaji anageuka kumtazama. Mpiga besi anacheka. Klipu inaishia hapo.

Kilichofuata kila mtu anaweza kukikisia. "Gitaa la plastiki hilo." "Arudi kwaya kwanza." "Huyo kamba za viatu ndio saizi yake." Wiki mbili baadaye kiongozi wa bendi akamwambia apumzike kidogo, na kwenye bendi "pumzika kidogo" maana yake mwenzako tayari kashapewa stendi yako. Kijana akapeleka gitaa kwa fundi, fundi akalishika dakika tano na kutoa hukumu: pikapu zote mbili zimekufa, nunua mpya. Hela hiyo hana, kazi hana. Akaliuza kwa bei ya kutupa.

Sasa sikia utamu wake, au uchungu wake. Aliyelinunua alifungua kifuniko cha nyuma, akageuza waya mbili za pikapu moja, akafunga. Gitaa hilohilo sasa linapigwa hotelini kila Ijumaa na watu wanalisifia. Hakuna hata kipuri kimoja kilichobadilishwa.

Watu wanaisimulia hii kama kichekesho, lakini kwa kweli ni habari ya mtu kupoteza ugali wake kwa sababu watu wanne waliomzunguka, pamoja na yeye mwenyewe, hawakujua kitu kinachofundishika kwa nusu saa. Na tatizo hili si lake peke yake. Magitaa mengi ya mtumba yanayoingia mjini yameshapita mikononi mwa mafundi watatu wanne, kila mmoja kaacha alama yake ndani.

PIKAPU SIYO ILE GARI

Kwa wasiojua, pikapu ni kile kiboksi kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, ndiyo koili yenyewe. Nyuzi ni za chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye koili, unapita kwenye kebo, unaingia kwenye amplifaya, na wewe unasikia solo.

Gitaa la kawaida lina pikapu mbili au tatu. Ya shingoni inatoa sauti nene, ya karibu na brichi inatoa sauti kali. Swichi ikiwa katikati, zinafanya kazi pamoja. Hapo ndipo mchezo unapoanza, kwa sababu umeme wa pikapu unapanda na kushuka, unaenda na kurudi. Pikapu mbili zikipanda pamoja na kushuka pamoja, zinasaidiana. Moja ikipanda wakati nyingine inashuka, zinafutana. Mafundi wanasema fezi zimegeuzana.

Fikiria daladala limezimika Ubungo na watu wawili wameshuka kusukuma. Mmoja akisukuma kutoka nyuma, gari linasogea. Mwingine naye akisukuma peke yake kutoka nyuma, linasogea. Lakini mmoja akikaa nyuma na mwingine akaenda mbele, wote wanatoka jasho na gari limesimama palepale. Hakuna mgonjwa kati yao. Wamekosana upande tu.

Ndiyo maana gitaa lenye tatizo hili huwa linawachanganya watu. Pikapu ya shingoni ukiipiga peke yake, fresh kabisa. Ya brichi peke yake, fresh kabisa. Ukiziweka pamoja, kopo. Tena kinachofutika zaidi ni zile sauti nzito za chini, kwa sababu mtikisiko mkubwa wa uzi unafanana juu ya pikapu zote mbili. Sauti ndogondogo za juu hazifanani sana sehemu hizo mbili, kwa hiyo zinaponea. Matokeo yake ni sauti nyembamba ya kupitia puani. Yule kijana alikuwa anapiga noti zilezile za siku zote. Kilichomwangusha kilikuwa ndani ya mbao.

INAKUWAJE MPAKA INATOKEA?

Mara nyingi ni pale pikapu moja inapobadilishwa. Ya zamani imeharibika, inatafutwa nyingine, inapatikana ya kampuni tofauti, inafungwa, inalia, kazi imeisha. Lakini kampuni hazijakubaliana. Huyu anaweka kaskazini ya sumaku juu, yule anaweka kusini. Huyu anazungusha koili kulia, yule kushoto. Kimoja kati ya hivyo kikitofautiana na kwa mwenzake, fezi zinageuzana. Vikitofautiana vyote viwili, zinarudi kuwa sawa.

Halafu kuna rangi za waya. Hambaka nyingi, yaani zile pikapu za koili mbili, zinakuja na waya nne na mmoja wa uchi wa ethi. Seymour Duncan wanatumia mweusi kuwa waya wa moto, mwekundu na mweupe wanaungana, kijani anaenda ethi. DiMarzio waya wao wa moto ni mwekundu, na wanaoungana ni mweusi na mweupe. Fundi aliyezoea moja akifunga nyingine kwa mazoea, anaweza kuzifanya hata koili mbili za ndani ya pikapu moja zigombane zenyewe kwa zenyewe. Hapo hata ukiipiga peke yake inalia kikopo.

Yaani si uchawi, si "gitaa limezeeka", si "hili la Mchina". Ni mpangilio.

KUPIMA NI BURE

Kinachouma zaidi ni kwamba jambo hili linapimika bila kufungua hata skurubu moja. Kinachohitajika ni mita ya kawaida, ile ambayo kila fundi redio wa Kariakoo anayo mezani.

Chomeka kebo kwenye gitaa, acha upande wa pili wazi, fungua voliumu yote. Weka mita kwenye kilo-omu 20. Mguso mmoja wa mita ukae kwenye ncha ya jeki, mwingine kwenye shina lake. Weka swichi kwenye pikapu ya kwanza. Pikapu nyingi nzima zitasoma kati ya kilo-omu 5 na 15 hivi. Kama koili imekatika kweli, mita haitasoma hapo kabisa. Tayari umeshajua kama imekufa au iko hai, na hujatumia hata shilingi. Kumbe ile hukumu ya "zote mbili zimekufa" ingevunjika hapohapo.

Sasa chukua bisibisi ya chuma, igusishe juu ya pikapu, halafu iondoe haraka huku unaangalia namba. Itaruka kidogo, ama juu ama chini, kisha itarudi. Kumbuka imeruka upande gani. Hamia pikapu ya pili, fanya vilevile bila kubadilisha miguso ya mita. Zikiruka upande mmoja, fezi ziko sawa. Moja ikiruka juu na nyingine chini, mwizi kakamatwa.

Kuna njia ya sikio pia, kwa magitaa yenye voliumu mbili. Weka swichi katikati, kisha punguza voliumu ya pikapu moja kidogo tu. Gitaa lililo sawa halitashtuka sana. Lenye fezi zilizogeuzana litanenepa ghafla na besi itarudi, kwa sababu umempunguza nguvu yule anayesukuma daladala kutoka mbele.

Dakika tano. Kabla ya kumtoa mtu kwenye bendi, dakika tano.

KUTENGENEZA NAKO SI KAZI YA NASA

Dawa ni kugeuza waya mbili za pikapu moja: uliokuwa wa moto uende ethi, uliokuwa ethi uende kwenye moto. Moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi ulikotoka, na yupo aliyeshafanya hivyo akakesha usiku kucha anajiuliza kwa nini hakijabadilika kitu. Chuma cha kulehemu, lehemu kidogo, mkono usiotetemeka, basi.

Ila hapa ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mbahatishaji, kwa sababu si kila pikapu inageuzwa hivihivi.

Pikapu ya koili moja yenye waya mbili na kifuniko cha plastiki haina shida, geuza. Hambaka ya waya nne nayo haina shida, lakini ule waya wa uchi unabaki kwenye ethi siku zote, usimguse. Kazi iko kwenye pikapu zenye kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ethi wa koili, kama ile ya shingoni kwenye Telecaster nyingi. Ukigeuza bila kufikiri, kifuniko chote kinakuwa kwenye waya wa moto, na kila ukikigusa kwa kidole gitaa linanguruma. Pale inabidi kwanza kifuniko kikatwe kutoka kwenye koili na kipewe waya wake wa ethi.

Halafu kuna hambaka za kizamani zenye kebo moja iliyovikwa wavu wa chuma. Ule wavu ndio ethi, na umeshikana na bamba la chini. Hapo badala ya kugeuza waya, wenye utaalamu hulegeza skurubu za chini, wanaivuta ile sumaku bapa, wanaipindua na kuirudisha. Sumaku ikigeuka, fezi inageuka. Waya hazijaguswa.

Fundi anayejua tofauti ya hizo zote anastahili kulipwa vizuri, na bila kuombwa punguzo mara kumi. Asiyejua anastahili kusema "hii siijui, mpelekee fulani". Kusema hivyo siyo aibu. Aibu ni kumuuzia mtu pikapu mbili mpya kwa ugonjwa usiokuwepo.

"LAKINI MBONA WAKUBWA WANAITAFUTA SAUTI HIYO?"

Hili litatokea kwenye komenti, bora lijibiwe mapema. Ni kweli. Peter Green, Mwingereza aliyeanzisha Fleetwood Mac mwaka 1967, alikuwa na Les Paul ya 1959 ambayo sauti yake ya katikati imekuwa gumzo mpaka leo. Inaelezwa kuwa sumaku ya pikapu ya shingoni ilikaa kinyume. Gitaa hilo likaenda kwa Gary Moore, na miaka mingi baadaye likafika kwa Kirk Hammett wa Metallica. Kilichokuwa kasoro kikageuka kuwa saini.

Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alikwenda mbali zaidi. Gitaa lake alianza kulitengeneza nyumbani na baba yake mwaka 1963, na kila pikapu ikawekewa swichi yake ya kuwasha na kuzima, na nyingine ya kugeuza fezi. Akitaka nene anapata, akitaka nyembamba anapata.

Tofauti iko hapo. May anajua kidole chake kinagusa nini na kwa nini. Kijana wetu hakujua, ikamkuta katikati ya solo mbele ya watu. Kitu kilekile ukikichagua ni staili, kikikuvamia jukwaani ni ajali. Kwa hiyo anayeipenda sauti hiyo aweke swichi yake ndogo ya kugeuza, awe nazo zote mbili. Asijitetee nayo baada ya kuumbuka.

Na wale wanaosema Stratocaster kwenye nafasi ya pili na ya nne "zimegeuzana fezi", hapana. Hiyo habari imezeeka na bado si kweli. Strat ilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati ya nafasi ili pikapu mbili zilie pamoja, mpaka swichi ya nafasi tano ikaja mwaka 1977. Sauti ile tamu ya kimajimaji ni ya pikapu mbili zinazokubaliana. Zingegombana kweli, msingeiita tamu.

SASA NANI ALAUMIWE?

Wa kwanza ni fundi. Mtu amekuja na mkate wake mkononi, wewe unamhukumu bila hata kuwasha mita. Daktari akikupa dawa ya malaria bila kipimo utamchana mtandaoni asubuhi mpaka jioni. Kwa nini fundi wa gitaa asipimwe kwa kipimo hichohicho?

Wa pili ni kiongozi wa bendi. Bendi nyingi za mjini zinafika ukumbini saa moja, saa mbili zinaanza kupiga. Saundi tseki ni "moja mbili, haloo", basi. Kila mpiga gitaa angepewa dakika tatu tu apitishe swichi nafasi zote kabla watu hawajaingia, klipu ile isingekuwepo. Bosi ananunua suti za bendi nzima zifanane, halafu gitaa la solo halikaguliwi mwaka mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye bendi ukuta ni kutafuta mpiga solo mpya anayejua nyimbo arobaini.

Wa tatu, na hili litauma, ni kijana mwenyewe. Gitaa analo, vidole anavyo, kipaji hakuna anayebisha. Lakini dereva wa bodaboda wa darasa la saba anajua plagi yake ikichafuka inalia vipi. Anajua cheni ikilegea. Mpiga gitaa anayekula kupitia gitaa hawezi kukaa miaka mitano hajui ndani kuna nini. "Mimi ni msanii, waya ni za mafundi" ni sentensi inayopendeza mdomoni mpaka siku ukumbi unapokugeukia. Hakuna anayesema kila mtu awe fundi. Ila kila mtu ajue kupima, ili akienda kwa fundi aende na swali na siyo na machozi.

Wa nne ni sisi wa mitandaoni, na hapa hakuna anayetoka msafi. Klipu ya sekunde arobaini imetosha kumpa mtu jina la kopo. Hakuna aliyeuliza "kwani gitaa lake limefanya nini?" Kulikuwa na watu kwenye yale magrupu, wapigaji wa miaka ishirini, waliosikia na kujua mara moja kwamba zile ni fezi. Sikio lao haliwezi kukosea kitu kama kile. Wakakaa kimya, wakatuma emoji za kucheka, kwa sababu kucheka kuna laiki na kumsaidia mtu hakuna. Ujumbe mmoja wa faragha, "dogo, geuza waya za pikapu moja", ungemwachia gitaa lake na kazi yake.

Hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Fundi hakujua. Bosi hakujua. Kijana hakujua. Wale walijua.

HAKUNA ALIYECHELEWA

Inasemekana kijana sasa anaazima gitaa la kanisani siku za mazoezi na anaweka akiba. Akinunua jingine, na wengine wote mnaotaka kununua la mtumba, nendeni na mita na bisibisi mfukoni. Pitisha swichi nafasi zote. Pima pikapu moja moja, gusisha bisibisi, ona namba zinaruka upande gani. Muuzaji akikuambia "hili katikati ndivyo linavyolia", mwombe punguzo kubwa, lipa, nenda nyumbani kageuze waya. Safari hii gitaa la bei ya kutupa liwe lako.

Na wewe mkongwe unayesoma hapa ukiwa umeshajua yote haya tangu miaka ya dansi, ukiona tena klipu ya mtoto wa mtu anaumbuka kwa kitu unachokijua, mtumie meseji kabla hujatuma kicheko.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kiongozi wa bendi alikuwa sahihi kumpumzisha jamaa, au alipaswa kuangalia gitaa kwanza? Na fundi aliyesema pikapu zimekufa anapaswa kurudisha hela ya watu? Dondosheni komenti hapo chini, ila bila matusi.